Yadi Arobaini, Ihumwa

Fomu ilikuja na mpira wake kwenye kifurushi kimoja:
mpira uliochongoka huku na huku,
kama kibuyu kilichonyimwa shingo.
Wanataka kijana wa kukimbia pembeni,
ageuke, adake, ndipo agongwe.
Jaza kwa wino mweusi. Usitie chumvi.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Zamani nilirusha mkuki
hadi UMISSETA, nikarudi na jezi na bega bovu.
Kwa hiyo mrushaji ni mimi, hakuna mwingine.

Yadi arobaini ni mita thelathini na sita na ushee.
Nilizipima kwa utepe wa fundi Sechelela:
nanyoosha, napiga alama kwa kisigino, nanyoosha tena,
mbuzi watatu wakinitazama kama wakaguzi.

Ndahani akavua kandambili.
Sekunde nne nukta sita.
Moyo ukaniruka. Kisha nikaona vumbi
linakwenda kule kule alikokwenda yeye:
upepo wa Julai ulikuwa mgongoni mwake,
unamsukuma kama mgambo.
Nikamwambia rudi, sasa ukimbie ukiukabili.
Nne nukta tisa.
Nimeandika zote mbili. Mwenye akili atajumlisha, agawe.

Kiganja, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho:
inchi tisa na robo.
Baba yake, dalali wa mnada wa Msalato,
alikuwa ameegemea baiskeli.
"Meno hamtazami?"
Sikujua kama anatania.

Nikarusha. Chini, juu, kushoto, nyuma ya bega.
Mipira ishirini. Akadaka kumi na saba.
Mitatu iliyomponyoka ilikuwa rahisi, ya kifuani kabisa,
na mara zote tatu
aligeuza shingo kabla mpira haujafika,
kumtafuta atakayemgonga,
ingawa uwanja mzima haukuwa na mtu ila mbuzi.
Kwenye kisanduku cha UDHAIFU nimeandika:
hutazama mbele kabla ya kushika.
Nikakaa na sentensi hiyo kidogo.
Ni ugonjwa wangu pia.

Lakini ile kumi na saba, jamani!
Mpira haukupiga kelele.
Ipo mikono inayopokea kama mlango uliobamizwa.
Yake ilitoka kwenda kuulaki,
kisha ikarudi nao nyuma kidogo, pole pole,
kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni pa kukaa.
Nikauliza, nani amekufundisha?
"Tofali, mwalimu."

Jumatatu nikaenda Mtumba kuona.
Lori la matofali ya kuchoma, mtu juu, Ndahani chini,
yanashuka mawili mawili yamebanana,
bado yana joto la tanuri.
Ukiyakazia mkono yanapasuka,
na linalopasuka linakatwa kwenye ujira wako wa jioni.
Nilihesabu hadi mia sita na kumi.
Hakupasua hata moja.
Hakutazama kando pia. Pale tofali lenyewe ndilo linalogonga.

Fomu haina swali la tofali.
Ina urefu, uzito, kuruka kwa miguu miwili.
Ina *Je, ana tabia ya uongozi?*
Nikaandika: wapo ndugu watano, yeye wa pili,
viatu vya shule vya wadogo ananunua yeye.

Baba yake akaniambia, mnadani ng'ombe mzuri hasifiwi.
Unamtembeza mara moja, unanyamaza.
Nami nilikuwa nimejaza mistari saba ya sifa.
Nikafuta sita.
Umebaki huu:
*Mikono yake hurudi nyuma.*
Wakisoma huko wakadhani ni woga,
shauri yao, wabaki na milango yao.

Fomu nimeirudisha.
Mpira, hawakusema.