Kiyoyozi cha Mwalimu Peres

"Kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima,
kama mtoto wa darasa la pili anayeomba kwenda msalani."
Ndivyo Mwalimu Peres alivyonieleza kwenye simu,
na mimi Lumadede nikatoka Kondele jioni hiyo
ngazi begani, juu ya bodaboda, dereva akilaani kila kona.

Nyumba ya zamani, Milimani.
Madirisha yamezibwa kwa gazeti na gundi, baridi isitoroke.
Baridi ni zawadi ya kijana wao aliye Doha:
alituma pesa na agizo moja, baba asitoke jasho.

Baba ni Mzee Ogweno.
Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia
na maneno yote isipokuwa "ee",
ambalo hulitumia kwa chai, kwa dawa, kwa wageni.
Shikamoo, nikasema.
Ee.

"Rimoti ilipotea tangu Krismasi," akasema mwalimu,
"nakiwasha kwa kitufe cha ubavuni.
Kikizima, joto linapanda,
inabidi niache taarifa ya habari
nije nimpepee kwa kalenda ya kanisa.
Saa nzima, wakati mwingine."

Nikaanza na filta. Vumbi zito kama blanketi;
maji yalitoka rangi ya uji wa wimbi.
Kwenye bomba la kutolea maji, mjusi mkavu.
Nikapima umeme: saa ile kila pasi ya Kisumu ilikuwa inawaka,
umeme unachechemea, lakini unafika.

Kisha nikazunguka nyuma, kwenye sanduku la nje,
na hapo nikacheka peke yangu.

Sami.
Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi,
wanaoifuata taa mpaka wafie mbele yake.
Walikuwa wamejipakia kwenye mapezi ya alumini
tabaka juu ya tabaka, keki nyeusi
yenye harufu ya samaki asiyekuwepo.
Joto linatolewa chumbani, linafika hapa, linakuta mlango umezibwa;
kompresa inachemka, inajizima
isije ikafa.
Mashine ina akili hiyo. Mimi naijua siku
niliyofanya kazi na homa ya thelathini na tisa.

Nikapiga brashi, nikapiga maji, nikawasha.
Fundi asiyesubiri hurudi bure, kwa hiyo nikasubiri.
Dakika kumi, baridi safi.
Mwalimu akaenda sebuleni, habari zilikuwa zimeanza.
Kikazima.

Nikapanda ngazi tena, moyo ukinidunda.
Gesi sawa. Waya sawa. Nikawasha.
Dakika ya saba: *tii*.
Mlio mdogo. Mashine ikizidiwa haiagi hivyo.
Mlio huo ni wa kutii amri.

Nikageuka.
Chini ya shuka, upande wa kushoto, upande mzima,
kidole gumba kilikuwa kinarudi mahali pake
kama kobe.
Macho yetu yakakutana.
"Ee," akasema mzee, taratibu sana.

Ndala zikaburura korido. Mwalimu, kalenda mkononi,
akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kupepea
huku akimsimulia: maji yamepanda tena Nyando,
sukari imepanda pia,
na yule karani mwenzako wa bandarini, yule mrefu, amezikwa jana.
Mzee amefumba macho.
Mvi zake chache zinacheza.

"Umeona sababu?" akaniuliza bila kugeuka.

Nikafungua kitabu cha risiti:
Kusafisha sanduku la nje, elfu mbili na mia tano.
Sababu: sami.
Nikamwambia kitazima tena, mama,
ziwa halijaacha kuzaa wadudu.

Akanipa noti tatu, akaenda kunitafutia chenji.
Nikainua shuka kidogo.
Taa ya rimoti ilikuwa hafifu, betri zinaelekea ukingoni.
Nilikuwa na mbili mpya mfukoni.
Nikazibadilisha.