Unga Juu ya Mstafeli

Nilidhani ni saruji ya Baba Tumsifu,
anayejenga ghorofa kwa awamu tangu mvua za mwaka juzi,
kwamba upepo umevusha vumbi la mfuko
na kulimwaga juu ya mstafeli wangu.
Nikafungua mpira, nikaunyeshea.
Vumbi halikwenda.
Vumbi lilikuwa na miguu.

Stafeli changa, miiba yake bado laini,
zilikuwa zimezibwa pamba kama pua za maiti.
Nikafinya kidogo: maji ya njano,
ukucha ukanata.

Mpapai wa kwanza ulikufa Machi. Wa pili haukuaga.
Na chini yake kila kitu kikawa cheusi,
ngazi, ndoo, kiti cha plastiki,
masizi yasiyo na moto, yaotayo juu ya utamu.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa mtaa wa nyuma
akanipa chupa isiyo na jina, kizibo cha gazeti.
"Mama, kwa hii hata simba hachomoki."
Nikapuliza, kanga nimeifunga usoni.
Walikufa nyuki. Walikufa buibui. Alikufa kinyonga
niliyekuwa nikimwogopa, na sasa namkumbuka.
Weupe walitulia siku nne,
siku ya tano wakarudi na wajomba.

Dada Nyamizi, afisa kilimo wa kata,
alifika kwa bodaboda hadi Tabata Kimanga,
akatoa lenzi kwenye pochi, kando ya rangi ya mdomo.
"Vidung'ata," alisema. "Si wa kwetu hawa.
Wamevuka bahari bila pasi, ndani ya tunda la nani sijui."
Kisha akaninyooshea kidole kwenye shina:
sisimizi wanapanda, sisimizi wanashuka,
mmoja kambeba mdogo mweupe mdomoni
kama yaya anayevusha mtoto barabara.
"Wachungaji wao. Wanawakamua."
Kumbe miezi yote nimepuliza ng'ombe,
mwenye zizi nampisha njia.

Sabuni ya kipande, alisema. Kitambaa cha grisi shinani.
Kata, choma, usimgawie mtu tawi.
Na ile chupa? Nikaileta.
Hakunigombeza, aliitazama tu.
"Kuna nyigu, mdogo kuliko nukta ya penseli.
Anataga ndani ya miili yao. Pengine ameshafika.
Ukipuliza hii, unaua askari, mwizi anabaki."

Niligonga geti la Baba Tumsifu.
"Kwangu hakuna kitu," akasema, bila kugeuka,
na nyuma yake mihogo mitatu kando ya tangi
imevaa kanzu.
Hati yangu iko sandukuni, ina muhuri na ramani.
Mdudu hasomi. Kigingi cha mpima ardhi
kwake ni kijiti cha kupumzikia.

Mstafeli huu aliupanda Somoe, dada yangu,
mbegu aliitema hapa hapa, wiki tuliyohamia,
tukila tumesimama, nyumba haina milango.
Kwa hiyo sikuukata.
Kila alfajiri ngazi, ndoo, sponji,
jani moja, mgongo wake, kisha tumbo lake,
namna nilivyomwogesha yeye miezi ile ya mwisho,
nikinyanyua mkono, nikiuosha, nikiulaza.
Jumanne maji hukatika.
Jumanne wanapumzika, nami pia.

Jana, tawi la upande wa choo,
nilimkuta mmoja amekauka, kahawia, amevimba kama punje ya mchele.
Mgongoni ana tundu.
Duara. Safi. Kama la sindano.
Kuna mtu alikuwa humo, na ametoka.

Nikashikilia ngazi.
Ng'ambo ya ukuta ndoo ilikuwa ikijazwa,
Baba Tumsifu akakohoa mara mbili, kisha:
"Mama, ile sabuni, unayeyusha kipande kizima?"
"Nusu," nikamjibu. "Nusu inatosha."

Jani lile sikuliosha.