Bitiruti

Ukuta kati ya chumba changu na choo ni mwembamba,
na mimi, Mungu anisamehe, nimekuwa karani wa maji:
kila akivuta mnyororo naweka alama gizani.
Jana mara tano. Juzi nne, na moja ya uongo,
alivuta tu nisisikie anavyoguna.

Mjomba Endel hatamki tumbo. Anasema "hali ya hewa."
"Leo hali ya hewa mbaya," kisha anachukua gazeti
na kufunga komeo lililokuwa limeshika kutu
kwa kutofungwa.

Ilikuwa Oktoba nilipoona wekundu kwenye bakuli,
uzi tu, mwembamba kama wa kushonea kifungo.
"Bitiruti," alisema, kabla sijauliza.
Na kweli, hapa Valga bitiruti haikosekani mezani:
supu yake, saladi yake, samaki wa chumvi juu yake.
Nikaamini wiki nzima.
Kuamini ni rahisi kama tumbo si lako.

Kisha nikaacha kuipika. Sikumwambia.
Nilipika kabeji, nilipika shayiri,
vyakula vyeupe tupu, visivyo na kisingizio,
siku ya kwanza, ya pili, ya sita,
na ya saba nikainama tena juu ya bakuli
kama mtu aliyeangusha pete.

Uzi ulikuwepo.

Mficha maradhi...
hapana. Methali hiyo siimalizii ndani ya nyumba hii.

Huyu ni mtu aliyekagua magurudumu ya treni miaka thelathini na nne,
nyundo ya mpini mrefu, theluji magotini,
anagonga chuma, anatega sikio:
gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa.
Alinifundisha nikiwa na miaka tisa,
mwaka mama alipokwenda Ufini
akawa anatuma pesa badala ya kurudi.
"Kaire, ufa hauonekani. Ufa husikika."
Mtu huyo huyo sasa hataki kugongwa.

Tulikwenda Tartu kwa treni, si basi; treni ina choo.
Alikaa akiutazama mlango wake kama askari wa zamu,
tumbo tupu, limesafishwa usiku kucha kwa lita za maji
yenye ladha ya limau na sabuni.
Chini yetu magurudumu yalipita kimya.
"Haya mapya," alisema, "hayana la kusema."

Daktari Pihlak ni mdogo kuliko mimi.
Alisema: kuna kitu.
Hakusema uvimbe, hakusema kidonda. Kitu.
Wamekata kipande, kiko maabara,
wiki mbili, pengine tatu, tutapigiwa.

Basi nimelibeba neno hilo nyumbani,
nalitafuna nikiosha vyombo, nalitafuna nikipanga foleni ya mkate.
Kitu. Hata kifungo ni kitu.
Wengine huomba mvua; mimi naomba bawasiri.
Naomba bawasiri kwa moyo wangu wote,
kubwa, chungu, za kuchekesha,
tuje kuzisimulia Krismasi hadi shangazi Vaike akasirike
aondoke na keki yake.

Simu nimeiweka juu ya friji, mlio hadi mwisho.
Jana ililia, nikavunja sahani.
Walikuwa wanauza madirisha.

Usiku huu tena: hatua, komeo, kimya kirefu.
Kitandani nimekunja vidole kimoja kimoja.
Maji yanavutwa. Bomba linatetemeka ukutani, linatulia.
Halafu, badala ya hatua, mgongo wa kidole chake
unagonga ukuta, mara mbili, polepole,
na najua anasikiliza.

"Ya ngapi hiyo?"

Naona haya hadi masikioni.
"Ya sita," nasema.

"Ya saba," anasema mjomba. "Ulisinzia."