Nilikufa Saa Kumi Alfajiri

Nilikufa saa kumi na dakika kumi na mbili,
alfajiri ya Januari, kaskazini mwa Ufini,
na wenzangu saba wakafa nyuma yangu
mmoja mmoja, kama taa za duka linalofungwa.
Hakuna aliyelia.
Taisto aliuliza kama maiti wanaruhusiwa kula chokoleti.

Mwamuzi akatokea kati ya misonobari,
utepe wa njano begani, daftari mkononi:
Kapteni Sorvoja, mama wa maneno makavu.
"Marehemu, kaeni chini.
Vueni helmeti, vaeni kofia za sufu.
Vita vimewapita. Baridi bado."

Tukakaa.
Marehemu wanane juu ya gogo moja,
mvuke ukitutoka puani,
tukisikiliza vita vyetu vikiendelea bila sisi:
risasi baridi zikikohoa ng'ambo ya kilima,
kimya,
kisha mtu akapiga chafya, na vita vikaanza upya.

Kosa lilikuwa langu.
Amri ilisema: zungukeni ziwa, shikeni kivuli cha msitu,
kilomita nne, polepole, kwa skii.
Mimi nikaitazama barafu,
bapa, nyeupe, kama kitanda kilichotandikwa na mgeni hajaja.
Miguu ya Onerva ilikuwa na malengelenge.
Betri ya redio ilikuwa inazeeka kwa baridi.
Nikasema, tukate katikati, giza litatuficha.

Giza lilituficha kweli.
Lakini skii zetu zilichora reli juu ya ziwa
kutoka ukingo ule hadi mlangoni mwa hema,
na mwezi ulipotoka saa nane
ukaisoma kwa sauti.

Onerva alikuwa zamu ya jiko, akililisha kuni.
Aliinua macho akaona mtutu, na nyuma ya mtutu
binamu yangu Eemeli wa kombania ya tatu,
ndevu zimeganda, adabu haijaganda:
"Habari za asubuhi. Mmekufa."

Saa tatu Kapteni akatandaza ramani juu ya theluji,
akaikandamiza pembe nne kwa vikombe vinne vya kahawa.
"Koplo Hautala. Tusimulie."
Nilikuwa nimeandaa kesi dhidi ya mwezi.
Hakunifokea. Laiti angenifokea.
Aliuliza niliona nini, nikadhani nini,
na kati ya kuona na kudhani nilipita wapi.
Kisha akawageukia wengine:
"Nani alijua?"

Moto ulilia. Kahawa ilipoa.
Onerva akanyosha mkono, glavu imetoboka kidoleni.
"Mimi. Niliziona alama zetu nilipogeuka."
"Na hukusema?"
"Koplo alionekana amefurahi sana."

Sijawahi kupigwa risasi ikaniingia vile.

Kapteni akaandika mstari mmoja, akafunga daftari.
"Leo usiku mnarudi ziwani.
Mkifa, mfe kwa kosa jipya."

Kanisani kwetu kuna safu ya mawe madogo,
yote kimo kimoja, kama watoto waliopangwa kupigwa picha.
La saba ni la kaka wa babu.
Umri wake kumi na tisa, wangu ishirini.
Naye alikata ziwa, ndivyo nyumbani wanavyosema,
kisha wanabadilisha mazungumzo.
Hakuna utepe wa njano uliotoka msituni.
Hakuna aliyemwambia avae kofia ya sufu.
Ramani yake hakuna aliyeitandaza;
alichojifunza alikijua peke yake,
kwa muda mfupi sana.

Usiku wa pili tulizunguka.
Kilomita nne, mbavu zikiuma,
Taisto nyuma kabisa akifagia njia kwa tawi
na kulitukana tawi.
Penye kijito niliona upenyo mzuri,
mfupi, mweupe, ukiniita kwa jina.
Nikainamisha fimbo upande ule.

"Koplo," Onerva akasema nyuma yangu,
wala hakunong'ona.
"Simama."

Nikasimama.