Muhtasari wa Kikao cha Jumamosi

Mahudhurio: watu tisini na wawili,
ukiondoa watoto waliochungulia madirishani
na mbuzi wa Asaa aliyeingia mara mbili.
Kikao kilifunguliwa saa nne na robo
kwa dua, na kwa sheha kutuomba radhi ya viti.
Tulikaa kwenye madawati ya darasa la pili,
magoti yakikaribia videvu,
watu wazima tumerudishwa udogoni
kabla hatujaulizwa kitu.

Afisa Twahir alitoka Baraza la Mji na ramani.
Alitafuta pa kuitundika, akapata msumari
uliokuwa umeshika jedwali la kuzidisha.
Skuli tatu, akasema, ziwe mbili.
Mtondooni ibaki na maandalizi hadi darasa la tatu;
la nne na kuendelea wavuke, wakasome Mkadini.
Walimu hawatoshi. Fungu linakuja kwa kichwa,
na vichwa, ndugu zangu, vimepungua.
Akaonesha njia: kilomita mbili na nusu.
Kalamu yake ilivuka hori bila kulowa.

Niliandika: *Afisa aliwasilisha pendekezo.*

Shaame mpasua mawe akasimama, vumbi la jana bado nyusini.
"Hiyo mbili na nusu umeipima maji yakiwa wapi?
Siku za bamvua hori lanifika hapa,"
akajipiga kifuani.
"Mtoto wa miaka kumi, hapa pake pako wapi?"
Watu wakacheka, kisha wakaacha.

Niliandika: *Suala la umbali lilijadiliwa.*

Bi Riziki Mbwana alizitaja kuta.
Kila nyumba karai ishirini za mawe
na pishi moja ya karafuu kavu, ikauzwa, likanunuliwa bati.
Pishi ya mamaake ilipunjika mwaka ule;
akailipia upungufu kwa kichwa, ndoo baada ya ndoo,
maji ya kukorogea chokaa.
Alipokuwa akisema aliugusa ukuta kwa kiganja
kama anayempima mtoto homa.

*Wananchi walikumbusha historia ya jengo.*

Kisha wa Mkadini wakauliza skuli itaitwaje.
Hapo ndipo sauti zilipopanda.
Maji ya hori tuliyapa dakika kumi na mbili,
jina tulilipa nusu saa,
na halikupatikana.

Mwalimu Salhina alingoja hadi watu wachoke.
"Nina madarasa matatu, peke yangu, chumba kimoja.
Nikiandika hesabu za la nne, la tano linangoja,
la sita linalala.
Mnaitetea skuli. Sijasikia anayetetea kusoma."
Hakuna aliyepiga makofi.
Nilitafuta neno la kumwandikia, nikaandika: *Mwalimu alichangia.*

Bi Time hakuomba ruhusa ya mwenyekiti.
Alinigeukia mimi, si afisa.
"Na wewe katibu, utuandikaye sote,
wako anasoma wapi?"

Wahida wangu yuko Wete kwa shangazi yake, tangu Januari,
skuli yenye maabara, na mwalimu kwa kila somo.
Nilimpeleka alfajiri, begi nimelifunika kanga,
tusikutane na mtu njiani.
Katika vile vichwa vilivyopungua kwenye hesabu ya afisa,
kimoja nakijua hata kilivyosukwa siku ile.

Sheha akakohoa. Akasema muda umetutupa mkono.
Maoni yatapelekwa Barazani,
majibu yatarudi kabla ya muhula.
Kikao kilifungwa saa sita na nusu, kwa adhana.
Madawati hayakurudishwa mahali pake;
Jumatatu la pili watayakuta yameelekea ramani.

Usiku huu nasafisha nakala.
Nimefika kipengele cha saba.
Nimeandika: *Katibu aliulizwa swali.*
Nimelifuta. Nimeliandika tena.
Chini yake nimeacha mistari miwili mitupu,
na sheha ameshanipigia simu mara mbili:
muhuri uko tayari,
anataka pa kuugonga.