Hadi Linta

Walituambia: jengeni hadi linta,
juu ya hapo ni kwa Serikali.
Tukajenga.
Kila nyumba matufali kumi na tano,
asiye na matufali alete mchanga,
asiye na mchanga alete mgongo.
Bi Chumu alileta vyote vitatu
na birika la chai ya tangawizi
ambayo haikuandikwa kwenye hesabu.

Mimi nilishika pimamaji.
Kusoma sikufika mbali,
lakini lile povu la hewa likitulia katikati ya kioo
nalijua kama Alhamdu.
Linta ilipokuwa bado mbichi
nikachukua msumari wa inchi nne,
nikaandika juu ya mlango:
SKLI YA MTONDOONI.
Watu wakapiga makofi. Tukala boko boko.
Tukangoja.

Ukapita msimu wa karafuu, ukaja mwengine.
Afisa akatoka Micheweni na utepe wake,
akapima, akaandika, akaondoka.
Akaja afisa mpya na utepe mpya.
Ukuta ni ule ule,
ila kila utepe ulipata futi zake.

Ndani ukaota mpapai,
pale pale ambapo ubao ungekaa.
Hakuna aliyeupanda. Labda kunguru, labda Hasnuu,
ambaye kula na kutema kwake ni jambo moja.
Watoto wa zamu ya jioni,
wakingoja wa asubuhi watoke kwenye banda la makuti,
waliumwagia maji waliyonawia wino.
Mapapai yake ni matamu. Hilo pia
halimo kwenye ripoti.

Binti yangu Tumu alikuwa darasa la kwanza linta ilipokauka.
Alisomea bandani, akaenda Wete, akalala dahalia,
akarudi na cheti cha ualimu na miwani.
Wilayani walimuuliza anataka kupangiwa wapi.
Akawatajia hapa.
Wakamuuliza mara ya pili,
wakidhani hakulisikia swali.

Sasa ana watoto mia na kumi na wawili
na sauti moja.
Asubuhi huila nusu,
maana kuna jioni.

Jumanne iliyopita lori likaja.
Mabati arubaini.
Tulihitaji themanini na manne.
"Mengine?" akauliza sheha.
Dereva akachungulia ndani ya lori lake tupu,
kwa adabu tu,
kama mtu anayejipapasa mfuko anaojua umetoboka.

Tukapaua nusu.
Upande wa kibla una bati,
upande wa mpapai una mbingu.
Tumu akaligawa darasa: wa kusoma kivulini,
wa hesabu juani, kengele ikilia wabadilishane.
Hesabu, nasikia, siku hizi
hufanywa haraka sana.

Jana nilikuwa napigilia msumari wa mwisho
akaja Sada wa Ngwali, miaka saba, meno mawili hana.
Akasimama mlangoni, kidole hewani,
akayasoma maandishi yangu kwa sauti.
Akarudi mwanzo. Akasoma tena.
"Babu, hapa pana u imekosekana."

Miaka kumi na sita napita chini ya neno lile.
Maafisa wanne, tepe nne.
Nikamwambia, "U itakuja na mabati yaliyobaki."

Hakucheka.
Akakimbilia jikoni kwa Bi Chumu,
akarudi na kipande cha mkaa,
akanitazama mabega.
Nikachutama. Akapanda.
Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji
na mgumu zaidi kumshika.

Akatafuta nafasi kati ya K na L.
Haikuwepo; niliyabana mimi mwenyewe na msumari wangu.
"Nyanyuka kidogo, babu."
Nikanyanyuka, magoti yakalia.
"Kidogo tena."
Akaiandika u yake, kubwa, imepinda kama jembe,
juu ya linta,
kule tulikoambiwa
ni kwa Serikali.