Moyo wa Shilingi Mia Sita

Soko la Burma, Jumamosi, saa moja asubuhi.
"Nataka moyo," nikamwambia muuza nyama.
"Wa kuchoma au wa kuchemsha?"
"Wa kusoma."
Alinitazama, kisu hewani,
kisha akacheka hadi akashika mbavu
(jozi kumi na mbili, nilikesha nikizihesabu)
akanichagulia wa ng'ombe, mzito kama mtoto njiti,
mia sita, na senti haishuki.
"Wewe daktari, siku nikilazwa utanipunguzia?"
"Muuguzi," nikasema. Hakusikia.

Chumbani kwetu Ngara, ghorofa ya nne,
tulitandika gazeti juu ya sanduku la nguo.
Mghoi alishika tochi ya simu; stima ilipotea tangu jana.
Wembe ukagoma.
Miaka yote naambiwa usivunjike moyo, piga moyo konde,
kumbe wenyewe ni msuli tu,
unaukatalia wembe kama soli ya kiatu.
Ndani, nyuzi nyeupe, nyembamba,
zimeshikilia vali zisipinduke
kama mwavuli kwenye upepo wa Julai.
"Ndizo hizi," Mghoi akanong'ona.
"Mtihani wa mwaka jana, swali la sita."
Na hapo hapo akatunga,
akihesabu mizani kwa vidole vyenye damu:

     Damu chafu huingia, kuumeni ghorofani,
     Kope tatu hupitia, ikashuka sakafuni,
     Mapafuni hutulia, ikanywa hewa ya ndani,
     Kwa kushoto hurudia, itawanyike mwilini.

"Mstari wa tatu ni uongo," nikamwambia.
"Damu haitulii mapafuni. Hupita chini ya sekunde moja."
"Vina," akasema. "Vina vilinibana."

Halafu tukaula.
Ilikuwa tarehe ishirini na tatu, na mwezi una siku zake.
Vitunguu, nyanya mbili, ugali.
Ventrikali ya kushoto ni nene kuliko ya kulia,
ndivyo kisemavyo kitabu,
ndivyo jino lilivyothibitisha.

Jumatatu, maabara.
Kiunzi cha mifupa tumekiita Meneja,
kwa kuwa hakifanyi kazi na lazima tukiamkie.
Goti lake la kushoto halina pia;
ilipotea pia, asema Bi Nthenya, mwaka wa mgomo,
na hakuna aliyecheka ila mimi.
Fimbo yake ikagusa bega: klavikula.
Nikaandika klavikula.
Mkono wangu ulitaka kuandika mtulinga,
kama mama alipokuwa akinifunga kanga shingoni
na kusema mtulinga wako umetokeza, kula.
Epigloti, nayo, nyumbani ni kidakatonge.
Nilijua kazi yake kabla sijajua kusoma:
kudaka tonge lisipotee njia.

Wiki ya tisa, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na nne.
Bwana Musembi, fundi wa paa, Dandora,
nyayo zimevimba, viatu vimelala chini bila kamba.
"Chembe cha moyo, sista. Hapa. Kama mtu amekalia."
Faili lake lilikuwa na maneno marefu zaidi,
lakini nilimwelewa yeye kwanza.
Nikaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono,
saa yangu kifuani imening'inia kichwa chini.
Dakika nzima, Bi Nthenya alisisitiza, usihesabu nusu ukazidisha.
Pigo la saba, kimya.
Likaja. La kumi na moja, kimya tena.
"Unasikia nini?"
Niliwaza zile nyuzi. Niliwaza mwavuli.
Niliwaza, Mungu nisamehe, vitunguu.
"Unafanya kazi," nikamjibu. "Wewe pumua polepole."
Hakuniachia mkono mara moja.
Kiganja chake kilikuwa kikavu, kimechanwa na mabati.

Nikaandika: tisini na nne, hayaendi sawa.
Nikatoka kumtafuta sista wa zamu.
Tumefunzwa kwamba muuguzi hukimbilia mambo mawili tu,
moto na damu.
Kwa hiyo nilitembea.
Wangu ndio uliokimbia,
ngazi zote, mbele yangu.